Kiko Kisicho na Moto

Gülriz wa mazoezi kanitia mkononi
kidude cha plastiki chenye springi ndani,
kama filimbi isiyolia.
"Usipulize, Bwana Bahattin. Vuta."

Miaka arobaini na moja nachonga viko
kwa jiwe jeupe la Eskişehir, jepesi kama mkate mkavu:
ndevu za masultani, makucha ya tai,
wavute watu nisiowajua, moshi nisiounusa.
Leo nami nimepewa changu,
hakina tumbaku, hakina moto,
na kukivuta siwezi.

Mwezi wa pili walinipasua mfupa wa kifua kwa msumeno,
theluji ikiwa juu ya paa la hospitali,
wakaufunga kwa waya
kama mtu afungavyo kreti ya machungwa.
Moyo, wanasema, sasa ni mzima.
Ni mimi niliyebaki nimejikunja juu yake.
Mabega yamekuja mbele kuulinda mshono,
kidevu kimeshuka,
na mkono wa kushoto hukaa kifuani wenyewe,
mlinzi ambaye hakuambiwa zamu imekwisha.

Şaziye anasema: hukuanza leo.
Benchi lilikupinda kabla ya daktari.
Kweli. Jiwe huniita nilisogelee,
nami ni mtu wa kuitika.

"Kiwambo chako kimelegea," anasema Gülriz,
akinigusa chini ya mbavu.
Hilo nalielewa. Ngoma hailii kwa kupigwa tu,
sharti kwanza iwambwe.
Pumzi thelathini asubuhi, thelathini jioni,
visigino ukutani, mgongo ukutani.
Kisogo hakifiki:
kati yake na ukuta hupita vidole vinne.

Pumzi ya kumi na moja nilikohoa,
nikakumbatia mto, waya zikanikumbusha zilipo.
Ya kumi na tisa nikamtukana Gülriz kimoyomoyo,
kwa moyo uleule waliounitengenezea.

Wiki ya tatu akakaza springi.
Wiki ya tano, vidole vitatu.
Mpimaji ni Şaziye, mkono unanuka kitunguu.
Huvibana vidole vyake viwe vyembamba
ili nishinde.
Najua. Sisemi kitu.

Jana nilirudi kazini.
Nikainua meza kwa matofali mawili.
Jiwe likaniita kama kawaida yake;
safari hii nikaliinua mimi
hadi usawa wa macho, lije lenyewe.
Nikatoboa tundu la moshi,
nikalifuta vumbi, nikalijaribu kama zamani:
mdomo kwenye jiwe, nikavuta.

Hewa ikaja yote,
ya baridi, yenye ladha ya chaki,
ikashuka mpaka mahali nilipokuwa nimepasahau.
Ukuta ulikuwa mbali nyuma yangu
na sikuutafuta.

Kisha nikachoka, nikakaa.
Bado vidole viwili.