Chungu Wekundu

Waraka ulipofika
nalikuwa nikipika;
uji ukanimwagika,
ukashukia mekoni.

Karani yule wa chifu,
mwenye kuvaa nadhifu,
aliyasoma marefu,
kasimama mlangoni:

ati nina la kujibu,
mimi, wa Shika Adabu,
nikaitoe sababu
Tononoka, kisiwani;

kwamba wangu Mwinyikai
benchi lake halikai,
na mama — hayo madai —
kamzuia nyumbani.

Faini ni laki nzima
au mwaka, alisema.
Laki! Mimi wa kuchoma
mihogo pale ferini?

Jirani wakachungua,
wakijitanda murua;
mmoja akaamua
kunililia uwani.

Mwanzo ilikuwa pesa,
mia tatu, za darasa
la Jumamosi. Kakosa,
akarejeshwa langoni.

Siku hiyo nikatanda
buibui la kupenda,
la harusi. Nilikwenda
kama naenda ngomani.

Ukumbini tulijaa
kina mama wa mitaa;
baba mmoja kakaa,
kofia i magotini.

Wa mbele yangu, Bi Nyevu,
mwanawe pafu ni bovu;
cheti kimejaa povu,
kilifuliwa nguoni.

Na aliyefunga lango,
shahidi sasa; kinyongo
hana, wala si muongo,
asema ya kitabuni.

Kaonyesha misalaba,
arubaini na saba,
hakuzidisha kibaba,
akasoma kwa makini.

Ni wekundu, ni wadogo,
chungu walo na mzigo:
siku zake — si mihogo —
wazipeleka shimoni.

Ningesema: ni mwalimu.
Ningelia, na hakimu
angepoa. Ila sumu
nyingine imo moyoni.

Mia tatu ikafika,
na lango likafunguka;
mtoto keshaondoka,
kashika mkokoteni.

Jioni huja na noti
mbichi kwa jasho la shati,
huniita, hanisuti,
huziweka mkononi.

Hesabu alizijua:
gunia la kuchukua,
ishirini; na mvua,
arubaini, yakini.

Nikanunua na taa,
chandarua, na dagaa;
nikalala sina njaa,
mwaka wa kwanza, jamani!

Mwalimu kaja, si mara
moja; nikampa sura
ya huzuni: «Anahara
tangu juzi, yu chooni.»

Hakimu: «Ulielewa?»
Macho yote yamekuwa
juu yangu; nikapewa
maji ya chupa mezani.

«Nilijua, bibi. Ndiyo.
Nimeila shule hiyo
tonge kwa tonge, kwa moyo,
na ladha i ulimini.»

Hapo hakutajwa baba.
Waraka haukubeba
jina lake. Ni mahaba,
hayaitwi kizimbani.

Sheria ni njema sana,
yataka asome mwana;
haiulizi mchana
tulikula kitu gani.

Nyuma pale Mwinyikai,
sare yake haifai,
ameletwa, hakatai,
shahidi mahakamani.

Viganja vina masugu
magumu kuliko mbegu
za ukwaju; kwa vurugu
kavitia mfukoni.

Akaulizwa: «Wataka
shule?» Kidogo kacheka:
«Mia mbili zitatoka
wapi leo, na kwa nani?»

Hakimu akaandika,
kalamu ikakauka,
ya pili akaitaka:
«Siku hizi thelathini,

kila moja bila kosa,
awemo kwenye darasa;
la sivyo, jela, si pesa.
Mmesikia? Shukeni.»

Tukarudi kwa kivuko,
mimi na yeye; na huko
shule, chungu wale wako
safarini, kitabuni.

Jina lake liliitwa,
kimya. Chungu akaletwa
mmoja; kwani kaitwa
mwenye jina — kizimbani.