Mgeni wa Siku ya Kumi na Nne

Ulishushwa kwenye Fuso saa nne usiku,
umekunjwa kama mikeka ya msibani,
udongo wa Morogoro ungali mbichi mgongoni mwako.
Dereva alisema: wahini.
Kukipambazuka hamjautandika, wapeni mbuzi.

Tukakutandika kwa tochi za simu,
mimi na Ndahani na kijana wa Ihumwa ambaye jina sikulishika,
ukingo kwa ukingo, kama matofali, maungio yasifuatane,
nyufa tukazijaza mchanga uliochekechwa na samadi kuukuu.
Kisha Ndahani akabingirisha pipa juu yako, lina maji nusu,
polepole, kama anayekuomba radhi.

Mwenye nyumba aliniachia karatasi,
mwandiko wa mtu aliyezoea kusaini:
Asubuhi kabla ya saa moja. Jioni baada ya saa kumi na moja.
Mchana hapana. Asikanyage mtu.
Akaenda zake Mtumba ofisini
nikabaki na wewe, hapa Iyumbu, na upepo.

Upepo wa Dodoma ulikuwa huujui.
Huu wa Agosti hupiga hodi akiwa ameshaingia,
na vumbi, na mifuko, na kiu yake mwenyewe.
Nikigeuka kufunga koki, nikirudi,
ncha zako zimeshaingia ukijivu,
ubuluu kidogo ndani yake. Hiyo ni rangi ya kiu, nimejifunza kuisoma.
Nikibonyeza kisigino na alama isiinuke
najua sikukunywesha, nilikulambisha tu.

Siku ya tano bomba lilikohoa likanyamaza.
Siku ya sita hata halikukohoa.
Mwenye boza akasema foleni yangu ni kesho kutwa.
Nikakupa maji niliyooshea mchele,
maji niliyonawia, nusu ya ndoo ya kuogea,
na wewe, mgeni, hukuuliza yametoka wapi.

Jioni ile nilimpigia mama, Mvumi.
Alikuwa ametoka korongoni,
kufukua mchanga kwa kata na kuchuchumaa
maji yajikusanye, kikombe, kisha kikombe.
Nikamweleza kazi ninayofanya mjini.
Akanyamaza kidogo.
"Hayo majani yanaliwa?"
Hayaliwi, mama.
"Ng'ombe je, anao?"
Hana ng'ombe.
Akacheka mpaka salio langu likaisha.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Leo ni siku yako ya kumi na nne
na jembe bado ninalo mimi.
Nimemfukuza beberu wa Mama Chilewa mara tatu,
mara ya nne akanifukuza yeye.
Nimeamka usiku wa manane kusikiliza kama tangi linajaa.
Sikupendi, niseme kweli.
Nimekuzoea,
kama unavyozoea kikohozi cha mtoto wa chumba cha pili,
siku kisiposikika unaketi kitandani.

Asubuhi hii nimepiga goti karibu na geti,
kwenye kile kipande chako kilichokuwa kikijikunja
kama sikio la mbwa.
Nikashika pembe kwa vidole viwili. Nikavuta.
Hukuja.
Nikavuta tena, kwa nguvu kidogo,
nikahisi huko chini kitu kinanivuta na mimi:
nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa kushonea,
zimeuma udongo huu
usiojua kumbembeleza mtu.

Nikailaza pembe, nikaipapasa.
Kuanzia kesho nitakupunguzia.
Siku moja unywe sana, siku moja ungoje,
maji yateremke, uyafuate mwenyewe.

Nimemtumia mama ujumbe: Yameshika.
Jibu limechelewa mpaka saa sita,
ameandikiwa na mtoto wa jirani, herufi kubwa tupu:
VIZURI. SASA NJOO NA JEMBE. KISIMA KIMEFUKIWA.