Fomu, Sehemu ya C

Saa tisa usiku, Makorora. Luku imeanza kulia.
Nimeshajaza jina: Leokadia Ntibakazi,
muuguzi, wodi ya wagonjwa wa akili, miaka kumi na mmoja.
Nimeshaweka vyeti, na barua ya Dokta Mbelwa
aliyecheka kwanza, akaandika baadaye:
"Uchambuzi wa nafsi? Mimi naujua wa mchele."

Nikamwambia, ndiyo, Dokta, ni huohuo.
Ungo, mwanga wa mlangoni, subira.
Ila huku ninakoomba
wanamwaga mchele, wanabaki na kijiwe.

"Unakusudia kutafiti nini?"
Maneno mia tano, yasizidi.

Ninakusudia kumtafiti babu akiwa usingizini.
Alitoka Kasulu kwa lori, hajaota ndevu,
akashushwa shamba la mkonge
akavishwa bati shingoni: 217.
Tangu hapo akawa namba, na wenziwe manamba.
Mchana maneno yake yalihesabika:
haya, bado, funga mlango.
Usiku, mimi na yeye chumba kimoja, pazia la kanga katikati,
alihesabu majani. Moja mpaka thelathini, funga.
Moja mpaka thelathini, funga.
Kuna usiku alifika ishirini na tisa, akalia.
Asubuhi tulikunywa chai ya mchaichai.
Hakuna aliyeuliza jani la thelathini lilikwenda wapi.

Ndilo hilo, waheshimiwa. Hilo jani.

Swali la nne: "Je, mwombaji mwenyewe amewahi kuchambuliwa?"

Hapa nilikwama.
Tanga hii ina mafundi baiskeli kila kona,
ina shehe wa kusoma dua, ina mchungaji wa kukemea;
haina mtu wa kukaa nyuma ya kichwa chako
akanyamaza kwa malipo.
Kochi lipo. La marehemu mama, limevikwa vitambaa alivyofuma,
plastiki ya dukani haijatolewa tangu harusi ya dada.
Sisi tulikaa mkekani, kochi likisubiri wageni.
Usiku huu nimelilalia.
Plastiki ikachakarika chini ya mgongo wangu kama mtu anayeamka.
Nikaiambia dari, kwa sauti:
Mama, mgeni nimefika.
Sikuinuka mpaka Luku iliponyamaza, na taa nayo.

Kwa chaji iliyobaki nikarudi kuhakiki.
Kichwa cha utafiti kimejiandika
"Nafasi za Wajukuu wa Manamba."
Nilitaka Nafsi.
Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi;
hawakusema kuna siku dole ndilo litakuwa ulimi.
Herufi moja tu, imejipenyeza katikati
kama mtu asiyeheshimu foleni.
Nikaifuta. Nikairudisha. Nikaifuta.
Nina miaka arobaini na miwili, ada ya maombi nimekopa kikoba,
na kidole bado kinaomba nafasi
kabla ya nafsi.
Nikairudisha, nikaiacha.
Kama kazi yao wanaijua, wataiona.

Nikabonyeza Tuma. Duara likazunguka, likazunguka.
Muadhini alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti, hajaanza,
jibu lilipoingia, la mashine, lenye adabu:
"Ombi lako limepokelewa.
Kuanzia sasa, katika mawasiliano yote, tumia namba yako."

Nikaitazama. Tarakimu saba.
Nikataka kalamu niiandike mahali.
Mkono wenyewe
ukaenda shingoni.