Aliyekula Chumvi Nyingi

Baba yangu, Gwak Manbok, amekula chumvi nyingi,
na hapa sisemi umri tu.
Miaka arobaini na mmoja kisiwani Bigeum
alivuta chumvi kwa reki ya mbao,
akaonja kila zao kwa ncha ya ulimi,
akajua kama juzi manyunyu yaliangukia bwawa.
Leo amepimiwa kijiko kidogo, tena kisijae.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa
tunavuka kwenda Mokpo kabla hakujapambazuka.
Mimi ni muuguzi wa zamu, yeye ni kitanda namba sita.
Natafuta mshipa, nachoma. Anatazama dari.
Figo zake zimestaafu kabla yake.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya kuloweka kabichi,
alikaa kwenye kigoda akituamuru, mimi na shangazi Yeopbun:
"Chumvi kwenye mashina! Majani hayana ubishi."
Vichwa sitini, mabeseni mekundu manne.
Usiku kucha kabichi ilitoa maji gizani,
alfajiri jani likakunjika bila kuvunjika.
Baba akalikunja, akalikunjua.
"Maji haya, nani aliyeyaita yatoke?"
Miaka yote hiyo, hakuwahi kuuliza.

Nikamwambia: jani ni mji wa vyumba, Baba,
na kila chumba kimefungwa kwa utando wa mafuta,
tabaka mbili zilizopeana migongo ya ndani,
mwembamba, hata ukipanga elfu kumi
hujafika unene wa karatasi.
Hewa hupita bila hodi.
Maji yana vilango vyao,
hupita mmoja mmoja, kama watoto wa shule.
Sukari haipiti mpaka ishikwe mkono.
Chumvi hubisha hodi,
na mafuta hayasikii lugha yake.
Basi chumvi ikibaki nje, maji ya ndani humwagikia huko.
Hakuna aliyeyaita.
Ni chembe tu, zinagongana, zinapotea njia,
na waliko wengi ndiko wanakotoka wengi.

Akacheka, kifua kikakoroma.
"Kumbe pale kitandani na mimi ni kabichi."

Karibu na hapo.
Kwenye lile bomba la plastiki mna nyuzi maelfu,
kila uzi ni mrija.
Damu yako hupita ndani, maji safi nje yakienda kinyume,
na taka hutoka ziliko nyingi kwenda kusiko nazo.
Seli zako nyekundu ni kubwa, hubaki.
Lakini utando ule hauna bawabu.
Haujui jina la mtu, hupima unene wa mgeni tu.

"Na wangu? Wa mwilini?"

Wako una mabawabu, Baba, wasiolala.
Sodiamu tatu nje, potasiamu mbili ndani,
tatu nje, mbili ndani,
wakipandisha mzigo mlima ambao wenyewe ungeteremka.
Karibu robo ya unachokula
ni mishahara yao.

"Wakipumzika je?"

Nje na ndani hulingana.

"Kulingana si jambo jema?"

Nilikumbuka kitanda namba mbili, majira ya joto,
jinsi mstari wa mashine ulivyolala.
Sikujibu. Nilisuuza kabichi.
Alijibu mwenyewe, taratibu,
kama anayesoma anga:
"Bwawani, maji yakishaacha kubishana na jua,
ndipo tunapokuja na reki."

Kisha akachana kipande cha jani, akakiweka ulimini.
Shangazi Yeopbun akageukia ukuta.
Nilihesabu potasiamu kichwani, nikahesabu chumvi,
nikahesabu siku mpaka Jumatatu.
Hakumeza. Alikitema kiganjani, akakitazama.

"Mwaka huu chumvi imepungua," akasema.

Haikuwa imepungua.
Tukaongeza konzi moja.