Karai Letu Ukutani

Wiki nzima nilitafuta vibanio vyangu vya nguo.
Nimevipata leo ukumbini mwa shule, hapa Kayole,
vimebana picha kwenye kamba ya nailoni
kutoka dirishani hadi ubao wa Hesabu
ambao hakuna aliyeufuta.

Nimekuja na aproni ya kazini.
Mwalimu Otwoma kanipa soda na karatasi ya majina.
Namba moja: kufuli la kibanda, lina umande.
Namba nne: kiganja cha fundi viatu,
gundi imekauka juu yake kama ramani
ya nchi ambako hajawahi kwenda.
Namba saba sikuielewa. Nyaya za stima, nadhani,
na raba moja inaning'inia.

Namba kumi na moja, nikasimama.

Hilo ni karai langu.
Lile la buluu, lenye kiraka
nilichokiyeyusha kwa kisu cha moto.
Maji ya Jumamosi, povu la sabuni ya kipande,
na ndani yake, kichwa chini miguu juu,
ghorofa yetu nzima: roshani, shuka la Mama Jerotich,
wingu limekalia soksi ya mtoto.

Kumbe ndiyo maana ulisema, Kemunto,
"Mama, usimwage kwanza,"
nami nikafoka: maji machafu yanangoja nini?
Ulikuwa umechutama na simu yangu yenye ufa
kama anayechungulia kisima.
Nilidhani unacheza.

Kijana mwenye miwani kauliza bei.
Hukupepesa: "Haiuzwi. Karai lina kazi Jumatatu."
Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama ukingoni,
pale ulipokata kila kitu ukabakiza
vidole vyangu viwili, vimekunjamana kwa maji.

Miaka kumi na sita navificha vidole hivi,
kanisani, benki, mbele ya wakwe.
Pale vimetulia tu, havina haraka.
Mama mmoja nisiyemjua akavisogelea,
akavitazama, kisha akatazama vyake.

Jioni nimefua sare yako.
Povu likakaa, ghorofa ikateremka majini
na taa zake zote.
Nikangoja kidogo.
Halafu nikamwaga, maana mtaro ni mtaro
na Mama Jerotich anangojea kamba.
Ila nilimwaga polepole.

Vibanio sita utanirudishia kesho.
Vilivyobaki, kaa navyo.