Kinyozi wa Mwinyi Hatimi

Kila Ijumaa kabla ya adhana
Mwinyi Hatimi aliniinulia koo lake
kama mtu anayehesabu boriti za dari,
nami nikaweka wembe pale mshipa unapopiga.
Miaka tisa. Sikumtoa hata tone.

Hapo ndipo nilipozijua siri za Mombasa,
si barazani, si msikitini,
bali kwenye povu lililo chini ya sikio lake.
"Ndugu yangu," alisema siku moja, macho kafumba,
"anaipenda mno halua ya Bi Tima."
Jumatatu tukamzika nduguye.
Mwinyi alilia hadi kilemba kikalowa,
na mimi niliyemnyoa tanga lilipoanuliwa
niliona shavu likicheka peke yake.

Mtwapa ilipoanguka, moshi wake ukatua Nyali,
wazee wa mji walimwendea wakitetemeka.
Akawaambia, "Ukiona cha mwenzako chanyolewa,
chako tia maji."
Wakarudi makwao kuchimba visima,
wakimsifu kwa busara.
Mimi nilijua ni nani aliyeushika wembe.

Mwanangu Tamimu alikuwa na miaka kumi na saba
na kinywa kilichojaa vita.
"Mtoto akililia wembe, mpe," alisema Mwinyi,
akatungua upanga ukutani, mpini wa fedha,
akampa, na zamu juu yake: lango la Makupa.
Nikambusu mkono. Naapa, niliubusu.
Usiku ule ndipo nikaelewa:
koo lake lilikuwa mikononi mwangu siku moja kwa juma,
la mwanangu mikononi mwake siku zote saba.

Mnaijua siwa yetu ya pembe,
ile itundikwayo juu ya lango,
iliayo yenyewe, bila pumzi ya mtu,
msaliti akipita chini yake.
Vizazi sita, imelia mara mbili.
Ijumaa ya kabla ya bamvua
nilimkata Mwinyi kucha, na chini ya kucha
nikakuta nta ya nyuki.
Nikaichokoa kwa kijiti.
Nikaipangusa kwenye kitambaa.
Nikasema, "Mkono huu tayari, bwana. Nipe wa pili."

Siku mbili baadaye maji yalikupwa Makupa
hadi kaa wakatembea bila haya,
na jeshi la Mfalme wa Majivu likavuka kwa miguu,
mbele farasi wake wasio na vivuli.
Siwa haikutoa hata kikohozi.
Langoni walikuwa vijana kumi na wanne.
Upanga wa mpini wa fedha ulirudi ukutani kwa Mwinyi
kabla mimi sijaletewa mwili.

Nikanoa. Usiku wa kuamkia Ijumaa nilinoa
mpaka jiwe likabonyea kama kiganja,
mpaka wembe ukapasua unywele kwa urefu wake,
na mke wangu, macho makavu, akaniletea maji
asiulize neno.

Asubuhi nikapiga hodi.
Akatoka mwenyewe, liwali mpya wa Mfalme,
kidevuni vinyweleo vya siku saba
mfano wa shamba la mtama lililochomwa.
"Kinyozi wangu," akasema, "pole kwa msiba.
Nimeweka nadhiri. Sinyoi tena
mpaka vita viishe."
Akanipa mfuko, ujira wa mwaka mzima. Mzito.
"Na vita hivi," akaongeza, akifunga mlango taratibu,
"nitaviangalia visiishe upesi."

Sasa mji mzima wafuga ndevu kumfuata.
Mabwana wa Kizingo wananuka ubani na jasho la kidevu,
nami nakaa kizingitini na beseni tupu.
Mfuko wake sijaufungua.
Jiwe nalilowesha kila Alhamisi.

Ndevu ni nywele tu, na joto la hapa mnalijua.
Kaskazi inaingia.
Ipo siku zitamwasha.