Kinachotoka

Kioo cha simu kinasema milioni tisa, laki sita na arobaini elfu.
Krismasi kilisema karibu hivyohivyo, nami nikakisoma kwa sauti,
shemeji wote wamepanda kutoka Dar,
na Mangowi akanijazia mbege bila kuombwa.

Leo Jumanne, saa nne usiku, mvua ya Rau inapiga bati,
na mimi nataka laki tano tu.
Ada ya Ndeenengo, chuo cha uuguzi, mwisho Ijumaa.
Nimebonyeza "Toa".
Simu imenijibu kwa wekundu: kiasi kimezidi.

Kimezidi nini?
Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja.
Nimewachapa watoto wa watu kwa kusahau kubeba moja.
Nikachukua stakabadhi ya chama cha kahawa, upande mtupu,
nikachora mstari kama ubaoni.

Hisa, za benki na za saruji: 7,200,000.
Zimo ndani ya ile tisa, lakini zimefungwa kamba.
Niliziweka rehani mwenyewe mwezi wa nane,
kwa saini yangu hii yenye mkia,
ili wakala anikopeshe ninunue nyingine.
Wakakata robo, eti bei haina mama,
wakaniachia 5,400,000, wakaiita nguvu.
Nguvu ya kununua.
Misuli hailipi ada.

Aikande anachambua maharage, hanitazami.
"Yule mtamba tuliyempeleka kwa Kirumbuyo amtunze,
ni wetu?"
Wetu.
"Basi nenda kamchinje usiku huu."

Nikainama tena kwenye karatasi.
Fedha taslimu: 2,440,000.
Humo, 1,500,000 ni za hisa za bia nilizouza jana.
Zimeuzwa kweli, ila fedha iko njiani hadi Alhamisi:
mkungu uliofunikwa majani makavu,
umeshashuka mgombani, haujafika sahani.
Inabaki 940,000.

Toa 580,000.
Hawa hawaridhiki na rehani peke yake,
wanataka na shilingi halisi zilale mlangoni kama mbwa.
Inabaki 360,000.
Toa ada ya wakala, na kodi juu ya ada: 12,500.

347,500.

Nikarudia. Nikaanzia chini kwenda juu,
kama nilivyowafundisha kuhakiki.
347,500.
Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari.
Yangu ina daftari. Imepotea na habari zake zote,
mstari kwa mstari, na mwandiko ni wangu.

Na yule kijana alinieleza.
Ofisini kwao, ghorofani, karibu na mnara wa saa,
alinieleza haya yote siku ile ya saini, polepole, kidole kwenye karatasi.
Nikatikisa kichwa
kama walivyotikisa wanafunzi wangu wa dawati la nyuma,
wale niliodhani wameelewa.

Nimejaza fomu: 340,000.
Hizo elfu saba na mia tano nimeziacha, sijui kwa nini,
labda ili akaunti isinione nimekuja na gunia.
Nikamwandikia Ndeenengo:
nusu na ushee kesho, zilizobaki Alhamisi jioni,
saruji isiposhuka.
Ikishuka watanipigia kudai nyongeza,
na ule mkungu utaliwa na wenye shamba.
Hilo sikuliandika.

Jibu likaja haraka, vijana hawalali:
*Baba, si ulisema milioni tisa?*

Nikaandika: *Ndiyo.* Nikafuta.
Nikaandika: *Hizo ni.* Nikafuta.
Nikaandika neno rehani, nikalitazama
kama jina la mtu niliyesoma naye.

Aikande akapeperusha ungo, makapi yakaruka hadi kwenye hesabu yangu.
"Mwambie yuko kwa Kirumbuyo," akasema.

Nikaandika hivyohivyo.